UZI: 5040, namba iliyo ya mwisho mara tatu

Mzee wa Hesabu (mleta mada)

Wakuu, habari za humu ndani. Leo naleta uzi wa namba moja tu, 5040. Humu kila siku watu wanabishana kuhusu namba za bahati na namba za mikosi, wakati zipo namba zenye sifa za kweli, sifa ambazo mtu yeyote anaweza kuzihakiki kwa kalamu na karatasi. Hii ni mojawapo, na kwangu hakuna inayoifikia.

Tuanze pale inapozaliwa. Nyumba ina watoto saba na benchi moja. Wanaweza kukaa kwa mipangilio mingapi tofauti? Nafasi ya kwanza anaweza kukaa yeyote kati ya 7, ya pili yeyote kati ya 6 waliobaki, ya tatu kati ya 5, hivyo hivyo mpaka wa mwisho asiye na la kuchagua. Zidisha: 7 × 6 × 5 × 4 × 3 × 2 × 1 = 5040. Wakibadilisha mpangilio kila siku bila kurudia hata mmoja, itawachukua karibu miaka 14. Zao la namna hii linaitwa faktoria na huandikwa 7!, yaani saba yenye alama ya mshangao.

Ninachotaka kuonyesha ni hiki: 5040 ni ya mwisho mara tatu. Kuna orodha tatu tofauti kabisa za namba, zimetungwa na watu waliokuwa wakitafuta mambo tofauti, na zote tatu zinaishia hapa. Ya kwanza imethibitishwa kwamba inaishia hapa. Hizo nyingine mbili hakuna aliyewahi kuona namba inayofuata, na hakuna aliyethibitisha kwamba haipo. Naendelea chini, msiwe na haraka.

Mzee wa Hesabu

VIGAWO

Vunja 5040 kwa namba tasa: 2 × 2 × 2 × 2 × 3 × 3 × 5 × 7, yaani 2⁴ × 3² × 5 × 7.

Ukitaka kutengeneza kigawo chake chochote, yaani namba inayoigawa 5040 bila kubakiza kitu, unaamua mambo manne. Uchukue 2 ngapi? Sifuri, moja, mbili, tatu au nne: njia 5. Uchukue 3 ngapi? Njia 3. Je, uichukue 5 au uiache? Njia 2. Na 7 vilevile, njia 2. 5 × 3 × 2 × 2 = 60. Kwa hiyo 5040 ina vigawo 60, na hakuna namba ndogo kuliko yenyewe inayofikisha 60. Namba ya aina hii, inayozishinda zote zilizoitangulia kwa wingi wa vigawo, mwanahisabati wa India Srinivasa Ramanujan aliiandikia makala ndefu mwaka 1915 akiwa Cambridge. Mfululizo unaanza 1, 2, 4, 6, 12, 24, 36, 48, 60, 120 na kuendelea. 5040 ni ya 19. Baada yake inakuja 7560 yenye vigawo 64.

Sasa tazama faktoria. 1, 2, 6, 24, 120, 720, 5040: zote saba zimo kwenye mfululizo huo. Ya nane ni 8! = 40320. Hii ni 2⁷ × 3² × 5 × 7, vigawo vyake 8 × 3 × 2 × 2 = 96. Wingi mzuri, lakini chukua 27720, ambayo ni 2³ × 3² × 5 × 7 × 11. Vigawo vyake ni 4 × 3 × 2 × 2 × 2 = 96 pia, na yenyewe ni ndogo kwa mbali. Faktoria ya nane imebeba 2 nyingi mno ambazo hazimletei faida, ilhali kumwingiza 11 mara moja tu kunazidisha vigawo mara mbili. Kuanzia hapo faktoria zote zina ugonjwa huohuo, na imethibitishwa kwamba hakuna nyingine inayorudi kwenye mfululizo.

Ya mwisho namba moja hiyo.

Mwalimu Mstaafu

Mzee umenikumbusha darasani. Watoto wa msingi ukiwaambia watafute KDS (kigawe kidogo cha shirika, namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote) ya 1 mpaka 10 wanapata 2520, siyo 5040. Sasa 5040 ni maradufu ya hiyo. Kwa nini basi isiwe 2520 ndiyo ya kusifiwa? Nayo inagawanyika kwa zote 1 mpaka 10.

Mzee wa Hesabu

Shikamoo mwalimu. Swali hili nalipenda kwa sababu linatupeleka kwa Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, miaka zaidi ya 2300 iliyopita.

Kwenye kitabu chake cha Sheria, Mwathene mmoja anazungumza na Mkreta na Msparta juu ya mji mpya utakaojengwa Krete. Anasema mji uwe na kaya 5040. Kwanza watoshe kujilinda dhidi ya majirani na kumsaidia jirani anayeonewa. Pili, anasema mtunga sheria lazima ajue namba ipi inaufaa mji, na inayofaa ni ile yenye vigawo vingi vinavyofuatana, kwa ajili ya vita na kwa ajili ya amani: mikataba, kodi, mgao. Na anataja kwamba 5040 ina vigawo 59, vikiwemo vyote kuanzia 1 mpaka 10. Ni 59 kwa kuwa hakuihesabu 5040 yenyewe.

Halafu anagawa mji kwa makabila 12, kila kabila kaya 420. Na hiyo 420 nayo anaigawa tena kwa 12, inatoka 35. Sasa jaribu na 2520 yako, mwalimu. Kwa 12 unapata 210. Gawa tena kwa 12: 17 na nusu. Huwezi kuwa na nusu kaya. Hapo ndipo ile 2 ya ziada inapofanya kazi.

Bado kuna ladha. Mwathene anasema namba hii inagawanyika kwa zote 1 mpaka 12 isipokuwa 11, na dawa yake ni nyepesi: toa kaya mbili. 5040 toa 2 ni 5038, na 5038 = 11 × 458. Ikumbukeni hiyo 5038, tutakutana nayo tena mbele.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Nimepiga mwenyewe, 11 mara 458 ni 5038 kweli. Endelea kijana.

Ngalawa

Wakuu naomba kuchomekea. Mimi 5040 nimekutana nayo kwenye namba ya siri ya simu. Tarakimu nne, kuanzia 0000 mpaka 9999, jumla namba za siri 10000. Ukitaka tarakimu zote nne ziwe tofauti, ya kwanza ina chaguo 10, ya pili 9, ya tatu 8, ya nne 7. Zidisha 10 × 9 × 8 × 7 = 5040. Yaani zaidi kidogo ya nusu ya namba zote za siri hazina tarakimu inayojirudia. Nilidhani ni nyingi zaidi ya hapo. Sasa swali langu mkuu, imekuwaje 7 × 6 × 5 × 4 × 3 × 2 × 1 na 10 × 9 × 8 × 7 zitoe jibu moja? Imetokea tu?

Mzee wa Hesabu

Ngalawa umegusa mshipa wenyewe. Nilikuwa nakuja hapo hapo.

Ondoa 7 pande zote mbili. Upande mmoja inabaki 6 × 5 × 4 × 3 × 2 × 1 = 720, upande wa pili 10 × 9 × 8 = 720. 10 ni 5 × 2, 8 ni 4 × 2, 9 ni 3 × 3. Ukizitenganisha na kuzipanga upya unapata mzigo uleule: 2 nne, 3 mbili na 5 moja. Ni nadra sana faktoria iandikike hivyo kwa namba chache zinazofuatana, na kutoka hapa ndipo tunapoikamata ile ya mwisho ya pili.

Fanya zoezi hili. Chukua namba nne zozote zinazofuatana, zizidishe, ongeza 1.

1 × 2 × 3 × 4 + 1 = 25, ambayo ni 5 × 5.
2 × 3 × 4 × 5 + 1 = 121, ambayo ni 11 × 11.
3 × 4 × 5 × 6 + 1 = 361, ambayo ni 19 × 19.

Kila mara unapata namba mraba. Sababu yake inaonekana ukizioanisha vizuri: ya kwanza na ya nne, ya pili na ya tatu. Kwa 7, 8, 9, 10 jozi ni 7 × 10 = 70 na 8 × 9 = 72. Jozi hizi siku zote hupishana kwa 2, na namba mbili zinazopishana kwa 2 ukizizidisha unapata mraba wa ile ya katikati ukipungua 1. Kwa hiyo 70 × 72 = 71 × 71 toa 1. Yaani 5040 + 1 = 5041 = 71².

Mwaka 1876 Mfaransa Henri Brocard aliuliza, na akarudia tena 1885: ni faktoria zipi ambazo ukiziongeza 1 zinakuwa namba mraba? Ramanujan aliuliza swali hilohilo kivyake mwaka 1913. Majibu yanayojulikana ni matatu:

4! + 1 = 25
5! + 1 = 121
7! + 1 = 5041

Angalieni kwa makini. 4! ni 1 × 2 × 3 × 4. 5! ni 2 × 3 × 4 × 5 (ile 1 haina uzito). 7! ni 7 × 8 × 9 × 10. Majibu yote matatu ni zao la namba nne zinazofuatana. Mimi nilipoiona mara ya kwanza nilikaa muda mrefu naitazama tu. Lakini haina maana kwamba jibu jingine lazima liwe hivyo. Namba mraba ukiipunguza 1 inavunjika kuwa jozi inayopishana kwa 2, basi, na jozi hiyo si lazima ivunjike tena kuwa nne zinazofuatana.

Bi Mkora

Samahani, mimi ni mgeni wa mambo haya. Mnajuaje kwamba hakuna nyingine? Faktoria zinakua haraka mno, nani anaweza kuzijaribu zote?

Mzee wa Hesabu

Dada, huhitaji kuikokotoa faktoria yenyewe. Unatazama baki. Nitakuonyesha kwa 11.

Chukua namba mraba zozote, uzigawe kwa 11, uangalie baki: 0, 1, 4, 9, 5, 3, halafu zinaanza kujirudia. Baki 2, 6, 7, 8 na 10 hazitokei kamwe. Kwa hiyo namba ikiacha mojawapo ya hizo, si mraba, na huna haja ya kutafuta kipeuo chake.

6! + 1 = 721. Gawa kwa 11, baki 6. Imeanguka.
8! + 1 = 40321. Baki 6. Imeanguka.
9! + 1 = 362881. Baki 2. Imeanguka.
7! + 1 = 5041. Kumbuka 5038 ya Plato inagawanyika kwa 11 kamili, kwa hiyo 5041 inabakiza 3. Imepita.

10! + 1 inagawanyika kwa 11 kamili, lakini kwa 121 haigawanyiki, na mraba unaogawanyika kwa 11 lazima ugawanyike na kwa 121. Nayo imeanguka. Kuanzia 11! na kuendelea, 11 haisaidii tena kwa sababu kila faktoria inagawanyika kwayo na baki inakuwa 1 tu. Unatafuta namba tasa kubwa zaidi. Bruce Berndt na William Galway walitumia wazo hili kwa kompyuta, na namba tasa kubwa sana, na mwaka 2000 walitangaza kwamba wamepita faktoria zote mpaka ya bilioni moja. Hakuna iliyopatikana baada ya 7!.

Bilioni moja si ithibati, dada yangu. Mwaka 1993 Marius Overholt alionyesha kwamba tukikubali dhana fulani nyingine ambayo bado haijathibitishwa, majibu ya Brocard lazima yawe na kikomo. Hiyo ndiyo hatua kubwa iliyopigwa. Kuna ambalo linaniuma kidogo: swali ambalo mtoto wa darasa la saba analielewa kwa dakika mbili limewashinda watu tangu 1876.

Ya mwisho namba mbili hiyo.

Bi Mkora

Nimeelewa! Nimejaribu 721 mwenyewe, 11 × 65 ni 715, inabaki 6. Asante sana kaka.

Mzee wa Hesabu

Ya tatu ndiyo nzito, nitajitahidi.

Safari hii hatuhesabu vigawo, tunavijumlisha. Vigawo 60 vya 5040 vikijumlishwa, yenyewe ikiwemo, vinafika 19344. Njia ya mkato: (1 + 2 + 4 + 8 + 16) × (1 + 3 + 9) × (1 + 5) × (1 + 7) = 31 × 13 × 6 × 8. Igawe jumla hiyo kwa 5040, unapata 3.838. Hiki ndicho kipimo cha unono wa namba. Namba tasa kubwa ina unono wa 1 na ushee tu, kwa sababu ina vigawo viwili.

Je, unono una dari? Kwa ujumla hapana, unaweza kupanda kadiri utakavyo, ila unapanda taratibu mno. Mwaka 1984 Mfaransa Guy Robin alithibitisha jambo la ajabu. Chukua namba, tafuta logi yake asilia, halafu logi ya hiyo logi, kisha zidisha kwa 1.781 (tarakimu zake zinaendelea, nimekata). Hiyo ndiyo dari. Kwa 5040: logi yake ni 8.525, logi ya hiyo ni 2.143, mara 1.781 inatoka takriban 3.817. Unono wa 5040 ni 3.838. Imetoboa dari, kwa kiasi kidogo sana.

Sasa ijaribu 10080, maradufu yake. Unono wake ni 3.9 kamili, dari yake 3.956. Iko chini. 7560 pia iko chini. Namba zinazojulikana kutoboa dari ni 27 tu, zinaanza na 2, 3, 4, 5, 6, zinapita 12, 24, 60, 120, 360, 720, 840, 2520, na ya mwisho ni 5040.

Na alichothibitisha Robin ni hiki: kusema hakuna namba yoyote juu ya 5040 inayotoboa dari ni sawasawa kabisa na kusema nadharia tete ya Riemann ni ya kweli. Hii ni dhana ya Mjerumani Bernhard Riemann ambayo bado haijathibitishwa, ilitolewa mwaka 1859, inahusu jinsi namba tasa zinavyotawanyika, na tangu mwaka 2000 Taasisi ya Clay ya Marekani imeiwekea zawadi ya dola milioni moja. Ikipatikana namba moja tu juu ya 5040 yenye unono unaopita dari, Riemann ameanguka.

Ramanujan alikuwa ameshaikaribia. Kwenye utafiti wake wa 1915 alionyesha kwamba Riemann akiwa sahihi, basi kuanzia namba kubwa fulani dari haitobolewi. Sehemu hiyo haikuchapishwa wakati ule kwa kuwa chama kilichokuwa kikichapisha kilikuwa na hali mbaya ya fedha. Ilikuja kutoka 1997, ikiandaliwa na Jean-Louis Nicolas na Robin huyuhuyu. Ramanujan alifariki 1920 akiwa na miaka 32. Kila nikifika hapa nawaza ni kurasa ngapi za watu wa namna hii zimekaa kabatini kwa sababu tu ya pesa za uchapaji.

Kijana wa Kidato

Mkuu, kwa hiyo mtu akikaa na kompyuta akajaribu namba moja moja kuanzia 5041 anaweza akashinda milioni?

Mzee wa Hesabu

Mdogo wangu, zawadi hiyo ni ya ithibati. Anayekuja na mfano wa kupinga masharti yake ni mengine. Lakini moja moja hutafika. Namba nyingi hazina unono wowote, unapoteza umeme bure. Wanaotafuta huruka kwenda kwenye namba nono zaidi tu, zile zilizojengwa kwa 2 nyingi, 3 chache, 5 chache zaidi, kama 5040 ilivyojengwa. Wamefika kwenye namba zenye tarakimu nyingi kupita kiasi na dari bado ni nzima. Kama una hamu anza na 55440. Vunja, tafuta unono, tafuta dari, ulete hapa.

Kijana wa Kidato

55440 = 2⁴ × 3² × 5 × 7 × 11. Kumbe ni 5040 mara 11 tu. Jumla ya vigawo 19344 × 12 = 232128. Unono 4.187. Logi ya 55440 ni 10.923, logi tena 2.391, mara 1.781 ni 4.258. Haijatoboa.

Mzee wa Hesabu

Safi kabisa. Sasa unaona kwa jicho lako: kumwingiza 11 kunapandisha unono, lakini dari nayo imepanda zaidi.

Mama Kengele

Jamani nimesoma uzi wote. Niko Uingereza, nimeolewa huku, na kanisani kwetu napiga kengele. Hii 5040 kwetu ni jina la kila siku. Kengele saba zikipigwa kwa kila mpangilio unaowezekana bila kurudia hata mmoja, ni mipangilio 5040, na hiyo ndiyo inayohesabika kuwa upigaji kamili. Huwezi kuruka ovyo, kengele ni nzito. Kutoka safu moja kwenda nyingine kila kengele inasogea nafasi moja tu au inabaki ilipo. Kila kamba ina mtu wake, husomi karatasi, unaikumbuka njia kichwani, na inachukua kama saa tatu bila kupumzika. Wa kwanza tunaojifunza habari zao ni wa kanisa la St Peter Mancroft, Norwich, tarehe 2 Mei 1715. Mikono inakufa ganzi, ila ukisikia kengele zimerudi kwenye mpangilio wa mwanzo, 1 2 3 4 5 6 7, unatamani kulia.

Mzee wa Hesabu

Dada umenipa kitu leo. Wale watoto saba wa benchi, kumbe kuna watu wanawakalisha kwa saa tatu.

Ngalawa

Mkuu nimerudi. Kama 7! ni 7 × 8 × 9 × 10, basi ukichukua 6! ukaizidisha kwa 7! unapata 1 × 2 × 3 × 4 × 5 × 6 × 7 × 8 × 9 × 10. Yaani 6! × 7! = 10!. Niko sahihi?

Mzee wa Hesabu

Uko sahihi. 720 × 5040 = 3628800. Na igeuze kuwa sekunde: wiki moja ina sekunde 604800, mara 6 ni 3628800. Sekunde 10! ni wiki sita kamili, hakuna hata moja inayozidi wala kupungua.

Mwalimu Mstaafu

Na dakika 5040 ni siku tatu na nusu. Nusu ya wiki. Kesho nawapelekea wajukuu.